Wito Kutoka Chemba ya Mwisho

Buti zilikuwa zimesimama ukingoni mwa bwawa la kwanza, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto, vidole vimeelekea majini. Tangu Jumatano asubuhi hakuna aliyethubutu kuzigusa. Hata askari wa zamu waliofika siku ile walizungusha utepe kwa mbali, wakapiga ishara ya msalaba, wakarudi zao kituoni. Nani ashike buti za mtu aliyetembea mwenyewe kuingia kwenye maji ya vyoo vya mji mzima?

Inspekta Eustaki alizishika. Alivaa glovu, akavuka utepe, akachuchumaa, akaziinua zote mbili na kuzigeuza nyayo juu kama mtu anayechagua viatu gulioni.

"Yesu na Maria!" alinong'ona mzee Cleophas, mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa amejibanza hatua kumi nyuma na koti lake zito limefungwa vifungo vyote.

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, mwezi wa saba, na upepo wa Ufipa ulikuwa unakata masikio. Mabwawa matatu ya majitaka yalikuwa yamelala chini ya mji, kijani kibichi, kimya, bila hata povu. Kitu pekee kilichotoa sauti ni mdomo wa bomba kuu, pale majitaka ya Sumbawanga yanapomwagikia bwawani. Bomba lilikuwa linavuta pumzi ndefu, linanyamaza, linavuta tena.

"Umelisikia?" Cleophas aliuliza. "Tangu Jumanne linahema hivyo. Miaka yote halijawahi kuhema. Watu wanasema ni yeye Urbano."

"Na wewe unasema nini, mzee?"

"Mimi si kwamba naamini, afande. Ila nakukumbusha tu, kikao ni saa nane. Watu wamekata shauri kwamba Bibi Rozina asilale mtaani kwetu leo. Akilala, nyumba wanaichoma. Mimi peke yangu siwezi kuwazuia."

Eustaki alikuwa ameshaisikia habari hiyo mara tatu tangu alfajiri, na kila aliyemsimulia alishusha sauti. Urbano, mhudumu wa mabwawa, alipotea Jumanne. Buti zake zilionekana Jumatano. Lakini ile Jumanne yenyewe, jua likiwa bado juu, kabla mtu yeyote hajajua kama kuna aliyepotea, Bibi Rozina, mjane wa nyumba ya mwisho karibu na mabwawa, alikwenda kwa jirani anatetemeka, akasema amemsikia Urbano akimwita kutoka chini ya ardhi. Alijuaje? Hapo ndipo mtaa mzima ulipomkamata. Makabila yote ya kule yalikubaliana, Wafipa na wageni, kwamba anayejua kifo kabla ya kifo hakujulishwa na malaika.

"Koplo, njoo uone," Eustaki aliita.

Koplo Faith alisogea. Alikuwa mtoto wa Kabwe, binti wa wavuvi wa Ziwa Tanganyika, na tangu wafike alikuwa anayatazama maji yale kwa dharau.

"Udongo mwekundu," alisema. "Na makapi ya ulezi, yameganda kwenye meno ya soli."

"Ukingo huu umejengwa kwa nini?"

"Mawe na saruji, afande. Ulezi haulimwi humu. Uzio mzima hauna hata tuta la mchicha."

"Basi Urbano alikanyaga shamba, halafu buti zikaja hapa bila kukanyaga mahali pengine popote. Zimepaa?"

Faith alicheka puani. "Na mimi nimekuwa nikijiuliza jambo lingine. Kwetu tunazijua maiti za majini. Mtu akizama, siku ya tatu ya nne anakuja juu mwenyewe. Baridi ya huku labda itamchelewesha, sawa. Lakini juzi na jana wamevuta kamba bwawa zima, wametoa hadi godoro. Huyu mtu humu hayumo."

Cleophas alizidi kujikunyata. Kwake habari ya kwamba hayumo ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwamba yumo.

Walikwenda kwenye kibanda cha mhudumu. Ndani kulikuwa na kiti kimoja, koleo, picha ya Mtakatifu Yosefu iliyokatwa kwenye kalenda, na ubao mweusi ukuta mzima. Hapo Eustaki alisimama muda mrefu. Urbano alikuwa mtu wa utaratibu wa ajabu. Kila siku, saa moja asubuhi na saa kumi jioni, alisoma kipimo cha maji yanayoingia kutoka mjini, akaandika kwa chaki. Kumi na nane, kumi na tisa, kumi na nane. Jumatatu jioni kumi na mbili. Jumanne asubuhi tisa. Jumanne jioni hapakuwa na kitu.

"Nenda kasome kipimo sasa hivi," alimwambia Faith.

Faith alirudi anapangusa mikono. "Mbili, afande. Yanachuruzika tu, kama bomba la shule."

"Mji mzima unaoga, unafua, unakwenda chooni. Maji yake yamekwama wapi?" Eustaki alimgeukia Cleophas. "Mzee, bomba lililojaa maji halihemi. Hilo linahema kwa sababu ni tupu, upepo unaingia. Hakuna cha Urbano hapo."

Lakini Eustaki mwenyewe, bomba lilipovuta pumzi tena, alijikuta amegeuza shingo.

Ndipo gari la kunyonya majitaka lilipoingia getini, likarudi kinyumenyume hadi kwenye bwawa. Dereva aliteremka, kijana wa miaka kama thelathini, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Aliwaona askari, akasimama, kisha akaja kwa kasi zaidi ya ilivyohitajika.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ndiye Meshack?"

"Ndiye mimi."

"Urbano ulimwona mara ya mwisho lini?"

"Jumanne, saa kumi jioni. Nilileta mzigo kama hivi. Alikuwa amesimama palepale," aliinua kidevu kuelekea ukingoni, "anayakodolea maji macho. Nikamsalimia, kimya. Nikasema moyoni, leo mshikaji wangu vipi? Nikamwaga, nikaondoka."

"Alivaa nini?"

"Ovaroli yake ya bluu. Na buti."

"Buti hizi?"

"Hizohizo."

"Saa kumi ni saa yake ya kuandika kipimo. Miaka minne hajaruka hata siku moja, hata sikukuu ya Noeli ameandika. Jumanne hiyo unayosema ulimwona, hakuandika."

Meshack alilamba midomo. "Labda walishamchukua akili. Si unajua mambo ya huku, afande."

"Nayajua. Nimezaliwa Kaoze, huko bondeni. Usinifundishe mambo ya huku."

Faith alikuwa amelizunguka gari. Aliinama kwenye mdomo wa mpira wa kunyonyea, ule mnene unaoingizwa mashimoni, akachomoa kitu kwa vidole viwili.

"Kaka Meshack, choo gani mjini kina mabua ya ulezi?"

Kijana aliivuta kofia yake chini zaidi. Eustaki hakumkazia. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu.

"Funguo za gari. Kaa na koplo hapa. Nikikuita, uje."

*

Alilifuata bomba kuu kwa miguu, akipanda kuelekea mjini. Bomba lenyewe lilikuwa chini ya ardhi, lakini kila baada ya hatua hamsini lilikuwa na chemba, shimo la kushukia mafundi, na kila chemba ilikuwa na mfuniko wa zege wenye namba nyekundu. Cleophas alimfuata akihesabu kwa sauti, si kwa sababu aliombwa, ni woga tu. Kwa mujibu wa ramani ya kibandani, chemba ya mwisho kabla ya mabwawa ilikuwa pembeni mwa shamba la Bibi Rozina. Walifika hapo, hawakuona mfuniko wala namba. Waliona ulezi uliovunwa, matuta mekundu, na lundo la mabua. Pembeni mwa lundo udongo ulikuwa umelowa.

"Ndiyo hayo," Cleophas alisema. "Maji yanatoka ardhini kiangazi hiki. Shambani kwake. Bado utamtetea?"

Bibi Rozina alikuwa amekaa kizingitini. Ameshafunga virago: blanketi, ndoo, ungo, na picha ya Bikira Maria iliyofunikwa kwa kanga ili isivunjike njiani. Alikuwa kikongwe mdogo, mwepesi, miguu haifiki vizuri chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunihamisha?"

"Nimekuja kukuuliza."

"Ulizeni upesi basi. Kufika kwa dada yangu ni mbali, na mimi sina magoti."

Eustaki alikaa chini, kwenye vumbi, uso wake ukawa sawa na wa bibi. "Jumanne. Anzia mwanzo."

"Kengele ya saa sita ilikuwa imelia, nimeshasali Malaika wa Bwana. Napepeta ulezi hapa hapa. Nikasikia, Bibi Rozina! Nikaangalia njiani, hakuna mtu. Nikaangalia shambani, hakuna mtu. Ikaita tena. Mara ya tatu nikajua inatoka chini, mwanangu. Chini kwenye udongo. Na ni sauti ya Urbano." Alimkazia macho. "Wewe ungeitika?"

Eustaki alitaka kujibu kama polisi. Lakini sikio lake la kushoto lilikumbuka. Bibi yake wa Kaoze alimfinya sikio hilo akiwa na miaka sita, siku aliyoitika "naam" kwa sauti isiyokuwa na mtu. Ukiitwa na usiyemwona, funga mdomo. Alikwenda chuo cha polisi, akapanda vyeo, akaota mvi, na mpaka leo akiitwa nje ya mlango huchungulia kwanza.

"Nisingeitika, bibi," alisema.

"Basi. Halafu ikaanza kugonga. Ngo, ngo, ngo. Nikaingia ndani nikapiga komeo nikashika rozari yangu. Nikasali mpaka kukanyamaza."

"Ulisali kwa muda gani?"

"Rozari nzima, mara mbili. Ya pili ilipoingia katikati, kugonga kukawa kwa mbali mbali. Nilipomaliza, kimya."

Eustaki alipiga hesabu ya kusali. Rozari moja kwa bibi asiye na haraka ni dakika ishirini na tano. Mbili ni karibu saa nzima.

"Urbano alikuwa nani kwako?"

Kwa mara ya kwanza kikongwe alitabasamu. "Mume wangu." Aliona uso wa inspekta, akacheka kidogo bila sauti. "Utani, mwanangu. Si mjukuu wangu yule, ingawa hatuna damu moja? Kila asubuhi akipita ananiita kule tuta la mwisho, Bibi Rozina! Nami naitika, abee, mume wangu! Anakunywa togwa kikombe kimoja, anakwenda kazini. Tena alikuwa na ubishi. Anayavua mabuti yake machafu juu ya tuta langu. Namwambia, wewe, utaniletea kipindupindu! Ananiambia, bibi, siwezi kushuka nayo, vile vyuma vinateleza. Anashuka pekupeku."

"Anashuka wapi, bibi?"

"Chembani." Alinyoosha kidole kwenye lundo la mabua. "Si ipo chini ya mabua yale?"

"Mabua ameyarundika nani?"

"Nilidhani watoto. Mimi yangu yako kule nyuma ya nyumba."

Eustaki alisimama. Alimwangalia Cleophas, na Cleophas akaangalia pembeni.

"Mzee, nyumba yako ni ipi?"

"Ile ya bati jekundu."

"Hatua sitini. Jumanne mchana ulikuwa nyumbani?"

"Tulikuwa tunakula."

"Mlisikia nini?"

"Redio ilikuwa juu, afande."

"Ilikuwa juu tangu mwanzo, au mliipandisha?"

Mwenyekiti alifungua kifungo cha juu cha koti lake, akakifunga tena.

*

Watu hawakungoja saa nane. Walipomwona Koplo Faith anapita na dereva wa gari la majitaka, na askari wawili wamebeba mitaimbo, walianza kumiminika kutoka kila upande, wengine bado na fimbo walizokuja nazo kwa ajili ya bibi. Walisimama mbali, kwenye mpaka wa shamba. Eustaki aliyaondoa mabua mwenyewe, mkumbo kwa mkumbo, mpaka zege likaonekana, na namba nyekundu, na maji meusi yakivuja ukingoni.

"Meshack. Shika mtaimbo."

"Sifungui, afande."

"Kwa nini?"

Kijana alitingisha kichwa. Kofia ilikuwa imemdondoka, na kichwa chake kitupu kilimfanya aonekane mdogo kuliko umri wake.

"Nitakusaidia," Eustaki alisema taratibu. "Jumatatu maji yamepungua, Urbano akajua kuna kilichoziba. Jumanne akakuita ulete gari, uinyonye chemba hii ili ashuke kuzibua. Ukanyonya maji pamoja na mabua ya shambani. Tangi likajaa. Ukaenda kumwaga bwawani. Nimekosea?"

"Nilimwambia aningoje!" Sauti ilimtoka kwa kishindo hata watu wa mpakani wakarudi nyuma. "Haki ya Mungu nilimwambia, ningoje, kamba iko kwenye gari, usishuke peke yako! Nimerudi nakuta buti juu ya tuta. Nimechungulia, amelala chini, uso kwenye matope. Ile hewa ya mle ndani, afande, haina harufu ya kukuonya, inakuangusha tu. Nikamwita. Urbano! Mara tatu nimemwita, hakuitika. Alikuwa ameshakufa."

"Ulishuka?"

"Nishuke nife na mimi?"

"Ukafunga."

"Mwaka juzi nilishapoteza mtu kwenye shimo la choo. Nikasamehewa. Safari hii nani angenisamehe?" Alikuwa analia sasa, makamasi na machozi, bila kujificha. "Nikasema, nikiweka buti kule bwawani, watu wa huku watamaliza wenyewe. Hawataitafuta maiti. Sikujua watamgeukia bibi. Urbano alikuwa ameshakufa, afande. Nilimwita!"

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Kengele ya kanisani ilikuwa haijalia."

Eustaki alisogea kwenye mfuniko. Aliuchukua mtaimbo mwenyewe, akauchomeka chini ya zege, askari mmoja akachomeka wa pili, wakainua. Mfuniko ulisogea ukikwaruza. Harufu ilipanda, watu wakaziba pua. Maji yalikuwa yamejaa hadi karibu na mdomo.

Na kwenye chuma cha juu kabisa, kile cha kwanza unachokikanyaga ukishuka na cha mwisho unachokishika ukipanda, palikuwa na mkono. Vidole vinne vilikuwa vimekikumbatia chuma. Kwenye kifundo kamba ya spana ilikuwa bado imefungwa, na spana yenyewe inaning'inia majini. Upande wa chini wa mfuniko, zege lilikuwa limechimbika, alama nyeupe nyingi, moja juu ya nyingine.

Alikuwa amezinduka. Alikuwa amepanda ngazi zote, kwenye giza, maji yakimfuata nyuma. Mfuniko ule mtu mmoja aliye juu huweza kuuburuta, lakini kuuinua kunahitaji watu wawili.

Meshack aliona. Alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, akasema "Mama," mara moja tu, kama mtoto, kisha akanyoosha mikono wamfunge pingu.

Eustaki aliwageukia watu wa mpakani. Alikuwa na hasira, na alikuwa anajua kwamba nusu ya hasira ile ni dhidi yake mwenyewe.

"Fimbo zenu zitupeni. Bibi hajaroga mtu, anabaki nyumbani kwake, na mimi mwenyewe nitalala mlangoni pake nimwone atakayemgusa. Sasa nauliza swali moja. Nani mwingine Jumanne mchana alisikia kugongwa?"

Upepo ulipita kwenye mabua. Kisha mkono mmoja uliinuka nyuma kabisa, wa mwanamke aliyembeba mtoto. Halafu mwingine. Halafu wa mzee Cleophas, taratibu, na macho yake chini. Eustaki alihesabu mikono tisa, akaacha kuhesabu.

Bibi Rozina alikuwa amekuja bila kuonekana, akijikokota na ungo wake kana kwamba alisahau kuuweka chini. Faith alitaka kumzuia, Eustaki akamfanyia ishara amwache. Alipita katikati yao, akafika ukingoni, akapiga magoti yale aliyosema hana. Aliuangalia mkono kwa muda. Kisha akanyoosha wake, mkavu, wenye unga wa ulezi kwenye mikunjo, akauweka juu ya vile vidole vinne.

"Abee, mume wangu," alisema. "Abee. Abee."

Mara tatu.